Niliondoa Vigurudumu Baba Yake Akiwa Kazini

Kosa ni langu. Ninaliandika hapa kwa sababu nyumbani kila mtu analijua tayari na hakuna anayetaka kulisikia tena. Nilimfundisha mtoto wa miaka saba kujifanya hajui kitu anachokijua. Kibaya zaidi, nilimfundisha vizuri.

Jina langu sitalitaja. Likasi, hapa Kongo, ni mji mkubwa kwa mtu anayetafuta kazi, lakini ni mdogo sana kwa mtu aliyefanya jambo la aibu. Mtoto nitamwita Naomie, ambalo si jina lake. Ni binti wa dada yangu mkubwa, ambaye namwita Yaya. Naomie ananiita Tantine, kama watoto wa hapa wanavyowaita wadogo wa mama zao.

Nilimaliza chuo kikuu Lubumbashi mwaka jana, nikapata shahada ya saikolojia ya watoto. Tangu hapo naishi kwa Yaya, mtaa wa Kikula. Asubuhi naandika barua za kuomba kazi. Mchana, Yaya akiwa bado sokoni kwenye meza yake ya vitenge, namtunza Naomie anaporudi shuleni. Mimi ni mtu wa kufikiri. Kabla ya kuvuka barabara nafikiria breki za gari, kisha namfikiria dereva, kisha nafikiria kama dereva alilala vizuri. Gari likishapita, naanza upya kwa lile linalofuata.

Mume wa Yaya, shemeji yangu, anafanya kazi kwenye mgodi mmoja upande wa Kolwezi. Wiki tatu analala kambini, wiki moja yuko nyumbani. Ndivyo karatasi inavyosema. Mara nyingi wiki yake inafika na mtu wa kumbadili hafiki, basi anabaki. Kwa njia hiyo aliyakosa mambo ya mtoto wake, moja baada ya jingine. Naomie alitembea mara ya kwanza, baba yake yuko kambini. Jino la kwanza likang'oka, yuko kambini. Siku ya kwanza ya shule tulimpiga Naomie picha mlangoni na sare yake, na baba yake akaiona siku mbili baadaye, mtandao uliporudi.

Hajawahi kulalamika. Akirudi anauliza tu ilikuwaje, nasi tunamweleza. Anatikisa kichwa kama mtu anayesoma ripoti ya zamu ambayo hakuifanya yeye.

Mwanzoni mwa kiangazi alirudi na baiskeli ndogo ya zambarau. Nyuma ilikuwa na vigurudumu viwili vya pembeni, vile vinavyomzuia mtoto asianguke. Aliisukuma kwa miguu kutoka kituo cha mabasi hadi nyumbani, baba mzima na baiskeli inayomfika magotini. Alipoisimamisha, alitukusanya sisi watatu akasema:

"Naomie atazoea kwanza. Nikirudia hapa, vile vigurudumu nitavitoa miye mwenyewe. Muntu mwingine asiviguse."

Yaya alicheka, akamwuliza kama hiyo ni baiskeli au ni mashine ya kusaga mawe. Shemeji hakucheka.

"Ile ya kutembea sikuiona," alisema. "Hii nitaiona."

Sote tuliitika. Mimi niliitika kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wiki yake ikafika, akabakizwa kazini. Ikapita zamu nyingine, akabakizwa tena. Naomie alikuwa ameshaizoea baiskeli zamani, na sasa alikuwa ameanza kuichoka. Watoto wa njia yetu wanaendesha baiskeli za baba zao, miguu wameipitisha katikati ya chuma kwa sababu kitini hawafiki. Hawakuwa na huruma. Hapa kwetu baiskeli inaitwa kinga, na yake wao waliiita kinga ya miguu ine. Msichana mmoja wa nyumba ya mbele alimwuliza kama inatoa maziwa.

Naomie aliingia ndani, akanawa uso, akaniuliza Papa anarudi lini. Nikamwambia karibuni. Akauliza karibuni ni siku gani. Nikamkatia mkate.

Alasiri moja niliona kigurudumu cha kushoto kimepinda. Mtu mwingine angeona kigurudumu kilichopinda akaendelea na kazi zake. Mimi nilifikiria kwamba mtoto ataanza kuegemea upande mmoja. Akiegemea upande mmoja, mwili utazoea. Mwili ukizoea, mgongo utakua hivyo. Nilimwona Naomie akiolewa amepinda. Nikaenda kwenye droo, nikatoa spana ya shemeji iliyofungwa ndani ya kitambaa, nikakifungua kigurudumu cha kushoto.

Nia yangu ilikuwa kukinyoosha na kukirudisha. Hilo naapa. Lakini baiskeli ikabaki na kigurudumu kimoja cha pembeni, na nikafikiri kwamba kimoja ni hatari kuliko kukosa vyote. Basi, kwa ajili ya usalama, nikakitoa na cha kulia. Najua jinsi inavyosomeka.

Niliingia ndani kutafuta nyundo. Ilikuwa chini ya gunia la makaa, kwa hiyo nilikawia. Nilipotoka, baiskeli haikuwapo, na Naomie hakuwapo.

Nilikimbia hadi barabarani. Alikuwa kwenye kona, mbali, anageuka. Alirudi katikati ya vumbi, magoti yanapanda na kushuka, na yule msichana wa maziwa anamkimbilia nyuma. Alisimama mbele yangu, akaweka mguu chini.

"Tantine," alisema, "njo vile tu?" Alitaka kujua kama ndivyo tu, basi.

Hakuwa ameanguka. Hakuna aliyemshika. Nilisoma miaka mitano juu ya hatua za ukuaji wa mtoto, na hatua yenyewe ikapita nikiwa ndani natafuta nyundo.

Nilifurahi kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha nikamkumbuka shemeji.

Mtu mwenye akili sawa angempigia simu palepale. Nilichukua simu. Nikafikiri: yuko zamu, amesimama karibu na mashine, habari itamshtua, mkono utateleza. Nikasubiri jioni. Jioni nikafikiri: amechoka, ataipokea vibaya. Niliandika ujumbe, nikaufuta. Niliandika mwingine unaoanza na salamu ndefu, nikaufuta kwa sababu salamu ndefu ingemtisha. Siku ya pili nikajiuliza: asipojua, ni nani ataumia? Hapo ndipo akili yangu, ambayo haijawahi kunipatia kazi, ilipopata kazi.

Nilikigonga kigurudumu kikanyooka, nikavirudisha vyote viwili. Nikamkalisha Naomie na kumweleza kwamba tutamwekea Papa siku yake. Papa akija atavitoa vigurudumu, na Naomie atajifunza mbele yake, kama vile hajawahi.

Aliuliza kama huo ni uongo. Nikasema si uongo, ni zawadi.

"Mwalimu wa Shule ya Jumapili anasema uongo njo uongo tu."

Nilimweleza tofauti kati ya kudanganya na kumfurahisha mtu. Nilieleza kwa muda mrefu, kwa mifano. Mwishowe alikubali, nadhani kwa sababu alikuwa na njaa.

Tatizo lilikuwa moja: Naomie hakujua kuanguka. Yule mtoto alipanda baiskeli akaenda, basi. Nyuma ya nyumba, ndani ya lupango, ua wetu, ambamo hakuna anayetuona, nilimwambia ajaribu kuanguka. Aliinama polepole akakaa chini, kama mama anayekaa kwenye kigoda. Hakuna baba ambaye angeamini. Nikamwambia atazame. Mimi, mwenye miaka ishirini na mitano, mwenye shahada, nilipanda baiskeli ya zambarau ya mtoto, nikaanguka juu ya kokoto za machimbo ya Kakontwe ambazo Yaya alinunua kwa ajili ya baraza. Kiwiko kilichubuka.

Naomie alinitazama kwa makini.

"Tena, Tantine. Sikuona muzuri."

Tulifanya mazoezi siku nyingi. Kila alasiri natoa vigurudumu, na kabla Yaya hajarudi sokoni navirudisha. Nilipanga kila kitu. Ataanguka mara mbili, zote upande wa kushoto, kwenye majani. Mara ya tatu atasema, "Papa, usiniachilie." Mara ya nne ataweza. Alishika yote kwa moyo kama shairi la shule, na baada ya siku chache alikuwa ananirekebisha mimi. Nilipojiona naanza kujivunia kazi hiyo, nilipaswa kujua kwamba nimepotea. Sikujua.

Shemeji alifika Ijumaa. Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, alichukua spana. Alifungua vigurudumu akiwa amepiga magoti, bila haraka. Alisema nati zimelegea, akashangaa ni kwa nini. Nikasema labda ni mtikisiko wa barabara.

Naomie alianguka mara ya kwanza. Alianguka vizuri kuliko mimi. Alianguka mara ya pili, na akalia, jambo ambalo hatukuwa tumelipanga. Shemeji alimpangusa vumbi, akamwinua, akashika kiti kwa nyuma. Alikuwa bado amevaa viatu vyake vizito vya kazi, na alikimbia navyo ameinama, jasho likimtiririka, mara tatu kwenda na kurudi, kwa sababu Naomie alikuwa amenogewa na hakutaka kufika kwenye mara ya nne.

"Papa, usiniachilie."

"Sikuachilie, mama. Miye niko hapa."

Kisha akamwachilia. Naomie akaenda.

Shemeji alisimama katikati ya njia akihema. Halafu alikaa juu ya tofali la mtu, pembeni, akafunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kumtikisika. Yaya alimwendea akamwekea mkono mgongoni. Mimi niliingia jikoni kuangalia maharagwe, ambayo hayakuhitaji kuangaliwa.

Uongo ungeishia hapo, pengine leo nisingeandika. Lakini kesho yake ilikuwa Jumapili.

Kanisa letu ni la uamsho, lenye paa la mabati na spika zinazosikika hadi barabara ya pili. Baada ya nyimbo kuna saa ya ushuhuda. Anayetaka kumshukuru Mungu anapita mbele na kusema alichotendewa: huyu amepona malaria, yule ametoka salama kwenye shimo lililobomoka. Kwa miaka yote niliyomjua, shemeji hajawahi kupita mbele. Jumapili ile alisimama, akamshika Naomie mkono, akapita.

Nilihesabu hatua zao. Zilikuwa kumi na sita. Katika hatua hizo zote ningeweza kufanya kitu.

Alishika kipaza sauti mbali na mdomo, wakamsogezea.

"Miye si muntu wa kusema," alianza. "Kule kambini nilikuwa naomba kintu kimoja. Nilisema, Bwana, nipatie siku moja ya huyu mutoto, yenye miye nitakuwako. Jana alinipatia."

Akaeleza. Jinsi mtoto alivyoogopa, jinsi alivyoanguka, jinsi alivyolia, jinsi alivyomwomba asimwachilie. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa anafuta macho kwa pembe ya kitenge. Watu waliitika amina katika kila anguko.

Mchungaji akainama kwa furaha, akampelekea Naomie kipaza sauti, akamwuliza: na yeye, Bwana amemtendea nini?

Naomie alinitafuta kwa macho kati ya viti. Nami, Mungu anisamehe, nilimtikisia kichwa kama nilivyokuwa nikifanya nyuma ya nyumba, kumwambia aendelee.

Alimtazama mwalimu wake wa Shule ya Jumapili, aliyekuwa amesimama karibu na ngoma. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika barabara ya pili:

"Miye nilikuwa nishajua mbele. Tantine njo alinifundisha kuanguka."

Kanisa lilicheka. Walicheka kwa upendo, kama watu wanavyocheka mtoto akichanganya maneno. Mchungaji alisema amina, mpiga kinanda akaingia, wakaanza wimbo. Watu wanne tu hawakucheka, na wote tunaishi nyumba moja.

Tulitembea hadi nyumbani. Yaya alikuwa amenishika mkono juu ya kiwiko, mahali penye kidonda, na aliubana njia nzima. Sikuutoa.

Nyumbani shemeji alikaa barazani, akanionyesha kiti. Aliuliza ilikuwa siku gani. Nikamwambia.

"Alianguka?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata moja. Alienda mpaka kwenye kona, akageuka, akarudi."

"Aligeuka peke yake?"

"Peke yake."

Alitabasamu kabla ya kukumbuka kwamba amekasirika. Akauliza Naomie alikuwa amevaa nini. Akauliza aliweka mguu gani chini wakati wa kusimama. Akauliza alisema nini. Nilimweleza yote niliyoyaona, naye alisikiliza akiwa amesogea hadi ukingoni mwa kiti. Hapo ndipo nilipoona kosa langu kwa ukamilifu wake. Mtu huyu amekuwa akila habari za mtoto wake kwa miaka saba. Amezoea chakula hicho. Ningempelekea siku ileile, angekula akashiba.

Akaniuliza kwa nini sikumpigia simu.

Nilimwambia kuhusu mashine, na mkono ambao ungeteleza, na salamu ndefu. Nilimwambia nilikuwa namfikiria yeye.

"Hapana, shemeji," alisema bila kupandisha sauti. "Ulikuwa unajifikiria weye. Uliogopa nikukasirikie. Sasa angalia. Jana nilikimbia nyuma ya mutoto mwenye hayuko."

Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na la kufikiri.

Alasiri alimwita Naomie, akamwomba amwonyeshe ile ya kweli. Naomie akapanda. Alienda mbio, akageuka kwenye kona bila kupunguza mwendo, akarudi ameachia mkono mmoja. Shemeji alisimama kandoni mwa njia. Mikono yake haikuwa na kazi. Aliiweka mfukoni, akaitoa, akaikunja kifuani.

Naomie alisimama mbele yake.

"Papa, jana ulilia ya kweli ao ya kujifanya?"

"Ya kweli," alisema shemeji.

Naomie alifikiri kidogo. Akasema yeye yake ilikuwa ya kujifanya. Kisha akaomba msamaha, na shemeji akamwambia haikuwa kosa lake, na wote wawili hawakunitazama.

Hiyo ndiyo gharama. Tangu siku ile Naomie anauliza swali hilo kwa kila kitu. Yaya akisema bukari, ugali wetu, imekuwa tamu, anamwuliza ni ya kweli au ya kujifanya. Rafiki akicheka, anamwuliza. Mwalimu alimsifia mwandiko, naye akamwuliza mbele ya darasa, na Yaya akaitwa shuleni. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwamba mtu mzima anaweza kuanguka kwa makusudi. Sasa anatazama kila anayeanguka.

Alhamisi shemeji alirudi kazini. Mlangoni aliinama kumuaga Naomie, akamwambia atarudi baada ya wiki tatu.

"Ya kweli ao ya kujifanya?"

Alibaki ameinama. Tulimsubiri, Yaya na mimi. Miaka yote amekuwa akisema wiki tatu, kwa sababu ndivyo baba anavyosema.

"Sijue," alisema mwishowe. "Ningependa wiki tatu. Sijue."

Nilidhani Naomie atalia. Aliitikia kwa kichwa tu, akachukua mfuko mdogo wa baba yake, akambebea hadi kituoni.

Jana nilimwambia Naomie kwamba nampenda. Aliniuliza swali lake. Nikajibu upesi, bila kufikiri hata kidogo, kwamba ni ya kweli. Akasema sawa, lakini atamwuliza Papa akipiga simu.

Kwa hiyo wewe unayelea mtoto wa mwenzako aliye mbali, kazini au masomoni, nisikilize mimi niliyeharibu. Mtoto hatakungoja wewe wala mzazi wake. Ataota jino, atasoma neno lake la kwanza, ataondoka kwa baiskeli ukiwa umegeuka nyuma. Usijaribu kumwekea mtu siku iliyokwisha pita. Mpigie simu saa ileile, mikono ikiwa bado na grisi. Mwambie kwamba mtoto wake ameweza, naye hakuwapo. Itamuuma. Mwachie aumie, kwa sababu maumivu hayo ni yake, na mimi hata hayo nilimnyang'anya.